Hesabu Kwanza, Chimba Baadaye: Ua wa Mbao wa Zizi

Wakulima wengi wakitaka kujenga ua huanza kuchimba mashimo, kisha huenda kununua mbao. Hiyo ni kuanzia mwisho. Ua ukifika nusu na pesa zikaisha, ng'ombe hatangoja mpaka uuze maziwa ya mwezi ujao. Atapita penye pengo, na asubuhi utakuta mahindi yako, au ya jirani, yameliwa. Basi, ndugu mkulima, kabla ya kushika jembe, shika kalamu.

Tuchukue mfano wa zizi lenye urefu wa futi 60 na upana wa futi 48, lenye lango la futi 12 katikati ya upande mmoja mrefu.

KUPIMA. Piga kigingi katika kila pembe na ufunge kamba. Pima kutoka pembe moja hata pembe inayoelekeana nayo, kisha pima zile mbili nyingine. Vipimo hivyo viwili vikiwa sawa, yaani karibu futi 77, zizi halikwenda upande. Sasa jumlisha pande zote: 60 na 60 na 48 na 48 ni futi 216. Toa futi 12 za lango. Ua wenyewe ni futi 204.

NAFASI YA NGUZO. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Nenda kwanza kwa muuza mbao, uulize mbao zake zina urefu gani. Tuseme ana mbao za futi 12. Basi nguzo zako zisimame futi 6 kutoka moja hata nyingine, na kila ubao utafunika nafasi mbili kamili, na ncha zake zitakutana juu ya nguzo. Lakini ukiwa umekwisha chimba mashimo kila futi 7, ubao wa futi 12 utafunika nafasi moja tu, na kipande cha futi 5 kitakachobaki hakifiki nguzo ya pili. Kwa zizi hili utahitaji mbao 116 mahali pa 68. Hizo 48 za zaidi zitakuwa kuni.

NGUZO. Gawanya futi 204 kwa 6, utapata nafasi 34. Je, nguzo ni 34? Sivyo. Tazama mkono wako: vidole ni vitano, lakini nafasi kati yao ni nne. Ua huu unaanza kwenye nguzo moja ya lango na kuishia kwenye nguzo ya pili ya lango, kwa hiyo nguzo ni 35. Kati ya hizo, sita ziwe nene: nne za pembe na mbili za lango. Nguzo 29 za kawaida ziwe za futi 7, futi 2 na nusu ziingie ardhini. Zile nene ziwe za futi 8, ziingie futi 3 na nusu.

Moyo wa mtarakwa hushindana vizuri na mchwa. Mkaratusi ni lazima uwe umetiwa dawa. Nguzo iliyotiwa dawa ununue kwa urefu ule ule unaoutaka, maana mara nyingi dawa haifiki ndani kabisa. Ukilazimika kuikata, upande uliokatwa uwe juu, usiuzike.

MBAO. Safu moja ya futi 204 inahitaji mbao 17 za futi 12. Lango likiwa katikati, kila upande wake hubaki futi 24, yaani mbao mbili bila kukata. Kwa safu nne ni mbao 68. Lango la milango miwili linahitaji mbao 8: nne za kulala, mbili za kukatwa ziwe miimo, na mbili za mshazari ili lango lisilegee. Jumla ni 76. Ongeza moja kwa kila kumi, kwa sababu nyingine zitakuwa zimepasuka au zimepinda. Nunua mbao 84.

MISUMARI. Kila ubao unagusa nguzo tatu, na kila nguzo ipate misumari miwili. Mbao 68 mara 6 ni misumari 408. Pamoja na ya lango na itakayopinda, hesabu 500. Kwa kuwa misumari huuzwa kwa kilo, mwombe mwenye duka akupimie robo kilo, uihesabu. Ikiwa ni 35, basi kilo ni 140, nawe utahitaji kilo 4. Bawaba na komeo la lango usizisahau.

Sasa andika orodha yako: nguzo nene 6, nguzo za kawaida 29, mbao 84, misumari kilo 4, bawaba na komeo. Uliza bei katika maduka mawili au matatu, ukumbuke na gharama ya gari la kubeba. Pesa zisipotosha, usijenge nusu ya ua. Punguza zizi katika karatasi, maana kufuta kalamu ni rahisi kuliko kung'oa nguzo.