Mwembe Ukianguka, Usiukate Vipande Vifupi

Masika yakikolea na ardhi ikalowa, mwembe mkubwa hausubiri kimbunga; upepo wa usiku mmoja unatosha kuung'oa na mizizi yake. Kufikia jioni ya siku ya pili umeshakuwa kuni. Mimi mkerezaji huumia kila nikiona hivyo, kwani ndani ya gogo lile mlikuwa na mabakuli, masinia na miguu ya vitanda.

Msumeno usianze kabla ya kutazama. Shina lililolalia ukuta limebanwa upande mmoja na kuvutwa upande wa pili, na likikatwa pasipofaa huruka. Kisiki chenye bonge la udongo kinaweza kusimama tena ghafla uzito wa shina ukiondoka, basi watoto wasikaribie shimo lile. Pakiwa na waya wa umeme, msiguse kitu hadi umeme ukatwe. Mwenye mti aulizwe, na kibali cha kusafirisha magogo kitafutwe mapema.

Kosa kubwa huja baada ya hapo. Fundi hukata gogo kuwa vipande vifupi vya duara, huvipanga kivulini, na baada ya wiki chache kila kimoja kina ufa kutoka ukingoni hadi moyoni. Nilipoteza mfenesi mzima namna hiyo, na mbao ile ya manjano, ambayo mafundi wa Zanzibar waliichongea milango, sijaisahau.

Sababu iko ndani ya mti. Mti mbichi umejaa maji: mengine yamo huru katika matundu ya nyuzi, mengine yamenyonywa na kuta zake. Yale huru yakitoka, umbo halibadiliki sana. Lakini maji yakipungua chini ya takriban asilimia 30 ya uzito wa mbao kavu, kuta zenyewe huanza kusinyaa, na hazisinyai sawasawa. Kwa kufuata mzunguko wa shina, mbao husinyaa karibu mara mbili kuliko kutoka moyoni kwenda gomeni. Kipande cha duara kizima hakina pa kuipeleka tofauti hiyo, hivyo hupasuka. Tena maji hukimbilia kwenye ncha zilizokatwa, maana huko njia zake zimeachwa wazi.

Kwa hiyo gogo liache refu kadiri linavyobebeka, na siku ileile zipake ncha zote mbili nta iliyoyeyushwa au rangi nzito ya mafuta. Kisha lipasue kwa urefu kupitia moyoni, uutoe moyo wenyewe. Kila nusu sasa ina nafasi ya kujikunja bila kupasuka. Mwembe usiuweke mbichi kwa muda mrefu: kuvu huutia michirizi ya kijivu na bluu, na bungua hufuata wanga uliomo. Utomvu wake huwaunguza ngozi baadhi ya watu, kwa hiyo vaa mikono mirefu.

Mnazi una tabia nyingine. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja, na hata leo minazi huanguka. Lakini shina lake ni gumu nje na laini katikati. Mkerezaji huchukua sehemu ya nje ya chini, basi.

Bakuli la mbao mbichi hukerezwa mara mbili. Mara ya kwanza kuta huachwa nene, karibu sehemu moja ya kumi ya upana: bakuli la sentimita 30 liwe na ukuta wa sentimita 3. Lifunge katika mfuko wa karatasi pamoja na maranda yake, uliweke mbali na jua na upepo. Kila wiki lipime kwenye mizani na uandike uzito kitakoni kwa penseli. Kwa miezi kadhaa litapungua na kuwa na umbo la yai, na unene ule ulioacha ndio utakaokuruhusu kulirudisha kwenye duara. Uzito ukibaki uleule wiki tatu mfululizo, lirudishe kwenye kerezo.