Kibati chembamba kinachoamua maisha ya difu ya lori

MSIMU wa kuvuna mahindi unapowadia katika kaunti ya Trans Nzoia, malori husheheni magunia kutoka mashambani kuelekea Kitale, na mengine huteremka kupitia Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye na Bungoma. Katika pilikapilika hizo, kuna kiungo kimoja cha gari kinachotaabika zaidi ya wanavyodhani wenye malori wengi. Kiungo hicho ni difu.

Difu ni lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma. Ndani yake mna pinioni, gia ndogo inayozungushwa na propela, ambayo huuma meno ya gia kubwa ya duara iitwayo krauni. Kwa njia hiyo nguvu za injini hugeuzwa mkondo na kufikishwa magurudumuni.

Difu ina kazi ya pili. Gari linapokata kona, gurudumu la nje husafiri mwendo mrefu kuliko la ndani. Gia ndogo zinazozunguka pamoja na krauni huliruhusu kila gurudumu liende kwa kasi yake. Mfaransa Onésiphore Pecqueur alilitumia wazo hili katika gari la mvuke miaka ya 1820, na hadi leo halijapitwa na wakati.

Hata hivyo, uhuru huo huleta adha matopeni. Mvua inaponyesha katika barabara za udongo za Chwele na Kopsiro, gurudumu moja likikosa mshiko huzunguka bure, nalo la upande wa pili, hata likiwa pakavu, husimama tu. Ndiyo sababu trekta nyingi zina kanyagio la kufunga difu ili magurudumu yote mawili yavute pamoja. Kifaa hicho hutumiwa gari likienda moja kwa moja mahali penye utelezi, wala si kwenye kona ya lami, kwa maana kinaweza kuvunja ekseli.

Baadhi ya wenye malori huamua kubadilisha krauni na pinioni ili gari lipande milima kwa urahisi. Hesabu yake si ngumu. Pinioni ya meno 7 ikizungusha krauni ya meno 41, propela huzunguka takriban mara 5.86 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Krauni ikiwa ya meno 43, propela huzunguka takriban mara 6.14. Gari hupata nguvu zaidi mlimani, lakini hupungua kasi, na kwenye barabara tambarare injini hulazimika kuzunguka zaidi kwa mwendo ule ule.

Ieleweke kwamba gia mpya hazimpi mtu kibali cha kuongeza magunia. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka wa 2016, inaruhusu ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne kubeba tani 10, na lori la ekseli mbili lisizidi tani 18 pamoja na uzito wake lenyewe. Magunia 100 ya kilo 90 tayari ni tani 9.

Aidha, kununua gia ni nusu tu ya safari. Nusu iliyosalia ni kuzipanga kwa vibati vyembamba vya chuma ambavyo mafundi huviita shimu. Vibati hivi hutiwa nyuma ya beringi au kati ya vipande vya difu ili kuzisogeza gia kwa vipimo vidogo mno.

Fundi hodari hupima mambo matatu. La kwanza ni kina cha pinioni, yaani umbali wake kutoka kwa krauni. La pili ni mchezo, ile nafasi ndogo inayoachwa kati ya meno. Katika malori mengi ya wastani, mchezo huo hukaribia robo ya milimita, sawa na karatasi mbili au tatu za daftari. La tatu ni jinsi beringi zilivyokazwa. Vipimo kamili vimo katika kitabu cha mtengenezaji wa gari, nacho ndicho mwamuzi.

Mchezo ukiwa mdogo mno, meno husuguana, mafuta huchemka na chuma huungua. Ukizidi, meno hugongana kila dereva anapobadilisha gia, na mwishowe huvunjika.

Baada ya kupima, fundi hupaka rangi kwenye meno kadhaa ya krauni na kuizungusha. Alama ikitokea katikati ya jino, kazi ni njema. Ikiwa juu kwenye ncha, pinioni iko mbali mno. Ikizama kwenye shina, imeingia kupita kiasi. Hata magari madogo ya mashindano yanayoendeshwa kwa rimoti hupangwa difu zake kwa kanuni hiyo hiyo, kwa vipete vya unene wa milimita 0.1 au 0.2.

Makosa mengi huzaliwa na haraka. Kibati kilichokatwa kutoka mkebe wa soda huonekana kufaa, lakini ni laini, hubonyea chini ya mzigo na vipimo vyote huharibika. Vilevile, krauni na pinioni hutengenezwa na kusagwa pamoja kiwandani kama pacha. Kuchukua moja ya zamani na kuifunga na nyingine mpya ni kualika mvumo na uharibifu.

Gharama yake haiishii mfukoni. Lori lenye shehena likiteremka Kamatira, kwenye barabara ya kutoka Kitale kwenda Lodwar, injini husaidia breki kulizuia. Meno ya pinioni yakikatika hapo, msaada huo hutoweka mara moja. Dereva husalia na breki za magurudumu pekee, nazo zikipata moto kupita kiasi hupoteza nguvu. Hapo maisha ya dereva, taniboi na watumiaji wengine wa barabara huwa hatarini.

Kwa hivyo, mwenye gari asiridhike kuambiwa kwamba difu imefungwa. Amwombe fundi amwonyeshe alama ya rangi kwenye meno na kipimo cha mchezo kabla ya mafuta kutiwa. Ahakikishe pia kwamba mafuta ni ya daraja lililotajwa na mtengenezaji, ambalo kwa difu nyingi za aina hii ni GL-5.

Lori likisharudi barabarani, asikilize. Mvumo unaosikika dereva akikanyaga mafuta, au mlio wakati anapoachilia, ni dalili kwamba meno hayajakaa sawa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta; na kufungua difu upya mapema ni nafuu kuliko kuinunua nyingine, magunia yakinyeshewa kando ya barabara.