Tombola chini ya kifuniko



Mtoto mmoja wa mwaka wa saba alirudishwa nyumbani sababu ya minervali. Mama yake alikuwa ameuza maharagwe na kumpa feza yote. Mtoto akanunua chupa 12 za sukre, akitafuta picha ya baiskeli chini ya kifuniko. Alipata chupa moja ya bure na tumbo la kuvimba. Tulicheka, kisha tukaona haya, kwani hata sisi wakubwa tumefanya vile.

Tufanye hesabu. Tuseme kuko chupa 20,000 na baiskeli 10. Basi ni chupa moja tu katika 2,000 yenye baiskeli. Watoto 1,000 wakinunua chupa 12 kila mmoja, karibu 994 watakosa. Na baiskeli hailetwi kwa huruma: inalipwa na feza ya chupa zile zinazouzwa. Lakini ukutani wanabandika picha ya aliyeshinda. Wale 994 hatuwaoni.

Hata watu wazima hudanganyika. Katika nchi ya Ufilipino, mwaka 1992, Pepsi iliahidi peso milioni moja kwa mwenye kifuniko cha namba iliyochaguliwa. Namba 349 ikatangazwa, kumbe kwa kosa ilikuwa imechapwa kwenye vifuniko mamia ya maelfu. Kampuni ilikataa kulipa zawadi ile. Fujo ikatokea, na watu wasiopungua watano walikufa.

Jirani zetu wa Uganda, kwa sheria ya mwaka 2016, walikataza mchezo wa kamari kwa kila mtu asiyefika miaka 25. Ni vizuri. Lakini mwenye butiki hamuulizi mtoto miaka yake anapouza sukre. Ndiyo sababu tombola ya namna hii ni ya hatari: inaingia kwa mlango wa kiu.

Basi tunaomba hivi. Wadogo zetu, nunueni chupa mkiwa na kiu, si kwa ajili ya kifuniko. Wakubwa wenzetu, tusiwatume wadogo kututafutia vifuniko. Ninyi baba na mama, minervali ipelekwe na mtu mzima mpaka ofisini. Na walimu wetu, karatasi za tombola zisibandikwe kwenye ukuta wa masomo.

Yule mdogo wetu amerudi darasani. Mama yake aliuza kuku.