BIASHARA NDOGO NJE YA NYUMBA: TUANZE NA KIDOGO, TUANZE PAMOJA



Mwaka 1988 serikali iliweka kima cha chini cha mshahara: faranga 160 kwa siku hapa Bujumbura, na faranga 105 mikoani. Ilipita zaidi ya miaka thelathini bila kima hicho kuguswa, hata faranga 160 zikawa haziwezi kununua robo kilo ya maharage. Ndiyo maana katika nyumba nyingi za wafanyakazi wa viwanda, na za wenzetu wa chai ya Teza na Rwegura na wa miwa ya Moso, mshahara wa mtu mmoja haufikishi mwisho wa mwezi. Mke, kijana mkubwa, au mfanyakazi mwenyewe baada ya zamu, hutoka kwenda kutafuta cha kujazia.

Katika mikutano mmetuuliza mara nyingi: tufanye kazi gani, nasi mtaji hatuna? Leo tunaeleza kazi chache ambazo tunaziona kila siku, na jinsi ya kuzitunza zisife. Lakini kwanza tuelewane. Biashara ndogo haichukui mahali pa mshahara wa haki. Mkidai nyongeza kisha mtu akawaambia, "Nendeni mkauze karanga," mjibuni kwamba karanga tunauza tayari, na nyongeza bado tunaidai.

1. Chakula cha mlangoni pa kiwanda

Mandazi, uji, chai, mayai ya kuchemsha, karanga. Wateja wanajulikana na saa zao zinajulikana: wanapoingia zamu na wanapotoka. Tuchukue mfano wa hesabu. Bei hubadilika, kwa hiyo kila mtu aweke bei za soko lake. Mama ametoa faranga 40,000 kununua unga, mafuta, sukari na makaa. Ameuza kwa 50,000. Je, faida ni 10,000? Bado. Hajatoa nauli, kodi ya mahali, wala mandazi yaliyoliwa na watoto. Tuseme hayo yote ni 4,000. Faida yake ni 6,000. Katika hizo aweke kidogo juu ya mtaji, kwa sababu unga ukipanda bei wiki ijayo, 40,000 hazitatosha. Zinazobaki ndizo za jikoni. Zile 40,000 si za mama, ni za kazi, na kesho asubuhi zirudi sokoni.

Adui mkubwa wa biashara hii ni deni. Mfanyakazi anakula leo, atalipa siku ya mshahara. Kumkatalia kabisa ni vigumu, kwa kuwa ni mwenzetu. Andika katika daftari, mbele yake, na uweke mpaka: aliyefikisha deni la siku tatu alipe kwanza. Nasi tunaokula, tulipe. Kumla mtaji mke wa mwenzako ni sawa na mwajiri kukukata siku uliyofanya kazi.

2. Ndagala

Ndagala wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu, taa hazina nguvu na uvuvi husimama siku kadhaa. Hapo ndipo penye biashara. Wakati wa giza ndagala ni wengi na bei inashuka. Ndio wakati wa kununua na kuanika. Mwezi ukijaa, wabichi wanaadimika, na mwenye wakavu anauza vizuri. Kumbuka kwamba kilo tatu hadi nne za wabichi hutoa kilo moja tu ya wakavu, kwa hiyo usipange bei bila kupima. Anika juu ya wavu ulioinuliwa, si juu ya mchanga, maana mnunuzi akisikia mchanga mdomoni harudi tena. Majira ya mvua nunua kidogo kidogo, kwa sababu siku moja bila jua inaweza kuozesha mtaji wote.

3. Mawese na makaa kwa kipimo

Bidoni ya lita 20 ya mawese kutoka Rumonge ni ghali kwa mtu mmoja. Wanne wakichanga, wanainunua kwa bei ya jumla, kila mmoja anachukua lita tano na kuziuza kwa chupa katika mtaa wake. Makaa ni vivyo hivyo: gunia moja, watu wawili, wauze kwa kopo. Kipimo kiwe cha haki.

4. Kazi za mkono

Kuziba pancha, kushona viatu, kunoa visu, kutengeneza baiskeli. Buyenzi ni mtaa wa mafundi, na kijana akikubali kukaa na fundi miezi kadhaa anaweza kuondoka na ujuzi usioibiwa. Kuhusu baiskeli ya kubeba watu na mizigo, tahadhari. Mwezi wa Machi 2022 baiskeli, pikipiki na bajaji za abiria zilipigwa marufuku kuingia katikati ya mji, na waliokuwa wamekopa kununua vyombo hivyo walibaki na deni na njia fupi. Kabla ya kukopa, uliza kwanza wapi unaruhusiwa kufanya kazi.

Usiweke vyote mahali pamoja

Wengi wetu tunaikumbuka Jumapili ya tarehe 27 Januari 2013, soko kuu la Bujumbura lilipoungua. Moto uliwaka siku nzima, hata helikopta zikaletwa kutoka Rwanda kusaidia kuuzima. Wafanyabiashara wengi hawakuwa na bima. Mali iliteketea, na mikopo ya benki ikabaki inawadai. Walioumia pia ni wachukuzi, washonaji na mama waliokuwa wakiwauzia chakula. Tunajifunza mambo mawili: mali yote isilale mahali pamoja, na mkopo usizidi kile ambacho kazi yako inaweza kulipa hata mwezi mbaya.

Nguvu ya kuchanga

Kirimba tunakijua, ndugu zetu wa Tanzania wanakiita upato. Kila wiki watu kumi wanachanga, mmoja anapokea. Ni kizuri kwa kupata mtaji wa kwanza. Kiwe na watu wanaofahamiana, daftari moja, na sanduku lenye kufuli mbili na funguo kwa watu wawili.

Huko India, mjini Ahmedabad, chama cha wafanyakazi wa viwanda vya nguo kilikuwa na idara ya wanawake. Mwaka 1972 Ela Bhatt na wanawake wauzaji na wachukuzi wakaunda humo chama chao, SEWA. Ofisi ya serikali kwanza ilikataa kukiandikisha, ikisema hawa hawana mwajiri. Hawakurudi nyuma, na kikaandikishwa. Mwaka 1974 wanawake 4,000 walichanga rupia kumi kumi wakafungua benki yao wenyewe. Mwaka 2015 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha Pendekezo namba 204, linalotambua kwamba watu wa kazi zisizo rasmi nao ni wafanyakazi, wenye haki ya kujiunga katika vyama.

Kwa hiyo muuza mandazi mlangoni si mtu wa nje. Akifukuzwa, akinyang'anywa beseni lake, ni nyumba ya mfanyakazi iliyonyang'anywa.

Tunaomba kila tawi la sendika lifanye haya katika mkutano ujao: liandike majina ya wanaouza karibu na kiwanda au shamba, lichague watu wawili wa kwenda kwa mwajiri kuomba kibanda, maji na mahali pa kutupa taka, na lifungue kirimba kwa wanaotaka. Majibu mtakayopewa, yawe mazuri au mabaya, yaleteni ofisini kwetu kwa maandishi. Penye kukataliwa tutakwenda pamoja nanyi.

Umoja ni nguvu.