Pishi na Mkono: Siri ya Upenu wa Foguang

Mgeni akiingia katika hekalu la Kibudha, macho hukimbilia sanamu. Ukifika Ukumbi wa Mashariki wa hekalu la Foguang, katika milima ya Wutai, jimbo la Shanxi nchini China, anza na upenu. Hapo ndipo maseremala wa mwaka 857 walipoweka ujuzi wao.

Paa la vigae ni zito, na upenu umechomoza karibu mita 4 ili mvua isiguse nguzo wala ukuta. Mzigo uliotokeza hivyo hubebwa na dougong, mfumo wa vipande vya mbao. Dou ni jina la kipimo cha nafaka, kama pishi yetu, na kipande cha mbao chenye jina hilo kinafanana nacho kwa umbo. Gong ni mkono uliopinda, unaokaa juu ya dou. Mkono hubeba pishi nyingine, pishi hubeba mikono iliyotokeza zaidi, tabaka juu ya tabaka, mpaka uzito wa upenu urudi kwenye nguzo. Mbao hizo hushikana kwa ulimi na tundu, bila misumari. Viungo vina nafasi ndogo ya kucheza, hivyo ardhi ikitikisika jengo huyumba bila kuvunjika.

Kimo cha dougong za Foguang ni takriban nusu ya kimo cha nguzo. Uzuri wake wote unatokana na kazi zinayoifanya.

Mwaka 1937, wasanifu majengo Liang Sicheng na mkewe Lin Huiyin walifika huko wakati wataalamu wa Japani wakidai kwamba China haikubakiwa na jengo la mbao la enzi ya Tang. Walipanda juu ya dari, gizani, katikati ya maelfu ya popo. Lin ndiye aliyeona wino uliofifia chini ya boriti: jina la Ning Gongyu, mwanamke aliyefadhili ujenzi. Jina hilohilo lilikuwa kwenye nguzo ya mawe uani, pamoja na mwaka 857, ulio ndani ya enzi ya Tang. Dai likaanguka.

Katika enzi za baadaye za Ming na Qing, dougong zilipungua ukubwa, zikaongezeka idadi na kupakwa rangi nyingi, hadi zikawa pambo zaidi kuliko mhimili. Kwa hiyo, msomaji, ukisimama mbele ya hekalu la Kichina, tazama chini ya upenu. Dougong kubwa na chache ni dalili ya ukale. Ndogo zilizosongamana ni za karne za karibuni.