Msondo wa Bi Kidude: Mpiga Ngoma na Kazi ya Kufunda

Neno ngoma, kwa mabadiliko madogo ya matamshi, limeenea katika lugha nyingi za Kibantu, nalo lina maana zaidi ya moja: chombo kinachopigwa, mchezo unaochezwa kwa chombo hicho, na pengine shughuli nzima iwakusanyayo watu. Lakini swali la nani apige halijibiwi namna moja kila mahali. Huko Rungwe, mkoani Mbeya, Monica Wilson, aliyekaa na Wanyakyusa katika miaka ya 1930, alieleza mazishi ambamo ngoma zilipigwa na wanaume wakacheza kwa mikuki, huku wanawake wakiomboleza. Ama mtu akitoka Iringa kuelekea kaskazini, akavuka Ruaha Mkuu penye bwawa la Mtera, huingia nchi ya Wagogo, na huko mambo hugeuka. Katika muheme wapigaji ni wanawake. Ngoma zao, zilizobonyea katikati, huzibana baina ya mapaja, wakapiga huku wakiimba. Na asili ya muheme imo katika shughuli za kuwaingiza vijana utu uzima.

Yafaa kukumbuka jambo hilo la mwisho, kwa sababu mwanamke mpiga ngoma aliyepata sifa kuliko wote katika Tanzania, yaani Fatuma binti Baraka wa Unguja, aliyejulikana kwa jina la Bi Kidude, naye alitokea katika shughuli ya namna hiyo. Watu wengi wa bara humjua kama mwimbaji wa taarabu tu. Alikuwa mwimbaji, kweli. Lakini mbele ya wanawake wa Unguja alikuwa kwanza mwenye msondo.

Jina lake latoka katika neno dude, kitu ambacho mtu hakijui jina au hataki kukitaja. Kidude ni kitu cha namna hiyo kilicho kidogo. Mwenyewe alisema kuwa aliitwa hivyo kwa sababu alizaliwa mdogo mno. Baba yake alikuwa muuza nazi. Mwaka wa kuzaliwa haukuandikwa; wengi hukisia yapata 1910. Yeye aliupima kwa fedha, akasema kwamba ilikuwa enzi ya rupia, kipimo kisichosaidia sana, maana rupia ilitumika Unguja hata mwisho wa mwaka 1935. Katika utoto wake alimsikiliza Siti binti Saad, ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri, na nyimbo za Siti hakuziacha maisha yake yote. Wasimulizi wa habari zake husema kwamba alikimbia ndoa asiyoitaka akavuka kwenda bara, akatembea miguu mitupu katika miji mingi akiimba, akakaa Dar es Salaam, kisha katika miaka ya 1940 akarudi Unguja.

Hapo ndipo ilipoanza kazi yake ndefu ya unyago. Desturi hiyo, kwa sehemu kubwa, ililetwa visiwani na watu wa kusini waliochukuliwa utumwani: Wayao, Wamakonde, na wale walioitwa Wanyasa, jina walilopewa wengi waliotoka pande za Ziwa Nyasa, ambalo ncha yake ya kaskazini iko Kyela. Kwa hiyo mlio uliosikika Ng'ambo ya mji wa Unguja haukuwa mgeni kabisa kwa watu wa nyanda hizi.

Msondo, kama kamusi zielezavyo, ni ngoma ndefu. (Vijana wa Mbeya na Iringa pengine hulijua neno hili kwa sababu ya bendi ya Dar es Salaam tu.) Bi Kidude aliifunga kiunoni kwa kanga, akasimama nayo, akaipiga kwa viganja. Lakini sarufi yenyewe yaeleza zaidi ya macho. Msichana hasemwi kwamba amecheza unyago, husemwa amechezwa. Kitenzi kimo katika hali ya kutendwa: ngoma ndiyo itendayo, naye mwali ndiye atendewaye. Pia husemwa amefundwa. Katika chumba kile, mbali na masikio ya wanaume, nyimbo na mapigo yalikuwa mafundisho juu ya mwili, usafi, unyumba na heshima, na juu ya haki ya mke kuridhika katika ndoa yake. Bi Kidude, ambaye hakujaliwa mtoto, aliwafunda wasichana kwa miaka mingi. Pamoja na hayo alijua dawa za mitishamba, na alitengeneza hina na wanja. Hisani ya namna hii haina daftari wala ripoti ya mwaka; kwa hiyo husahauliwa upesi na waandishi.

Sifa ya nje ilimjia uzeeni. Alisafiri Ulaya na nchi nyingine, na mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX huko Newcastle, Uingereza. Mwaka 2006 filamu juu ya maisha yake ilitolewa. Akitoka safarini alirudi katika maisha yale yale ya mtaani.

Jambo gumu ni hili: ngoma iliyokuwa ya faragha ilipandishwa jukwaani mbele ya wanaume na wageni. Je, haikupotezwa? Hofu hiyo si ya bure, maana nyimbo za unyago zina mafumbo, na asiyejua lugha husikia mlio tu. Walakini, fumbo hujilinda. Mgeni alipokea mapigo na ukali wa sauti. Mafunzo yalibaki kwa waliochezwa. Hasara kubwa zaidi yaweza kutoka upande mwingine: wasichana wengi wa mijini sasa hawafundwi na somo yeyote, na mengi aliyoyajua Bi Kidude hayakuandikwa.

Alifariki tarehe 17 Aprili 2013, akazikwa Kitumba. Mwaka 2009, alipokuwa bado hai, Maryam Hamdani aliunda Tausi, kikundi cha taarabu ambacho wanawake wenyewe ndio wapigao vyombo, ngoma zikiwamo.