Mkia Usilitangulie Ombi

Programu ikitaka kusoma faili, kwa kawaida huiomba kerneli kwa mwito wa mfumo, na kila mwito hulipiwa kwa muda wa kuvuka mpaka, kwenda na kurudi. Mwaka 2019, toleo la 5.1 la Linux lilikuja na njia nyingine iliyobuniwa na Jens Axboe, io_uring. Hapo programu na kerneli hutumia eneo moja la kumbukumbu lenye foleni mbili za duara, moja ya maombi na moja ya majibu. Programu huandika ombi kwenye nafasi iliyo wazi, kisha husogeza namba iitwayo mkia. Kerneli ikiona mkia umesogea, hujua kuna kazi mpya. Hakuna kufuli kati ya pande hizo mbili. Usalama wote umebebwa na lile neno “kisha”, na prosesa nyingi hazikuahidi kuliheshimu.

Thamani inayoandikwa haiwafikii wote papo hapo. Hukaa kwanza katika bafa ndogo ya kiini cha prosesa kilichoiandika, na prosesa za ARM, zilizomo karibu katika kila simu janja, zinaruhusiwa kuonyesha maandishi mawili ya anwani tofauti kwa mpangilio uliogeuzwa. Kompaila nayo ina ruhusa ya kupangua mistari ikiona faida. Basi uzi wa kerneli ulio kwenye kiini kingine unaweza kuuona mkia mpya huku nafasi ya ombi ingali na takataka za ombi la zamani, ukaitekeleza kazi ambayo hakuna aliyeiomba. Tiba yake ina pande mbili: anayesogeza mkia auandike kwa agizo linalolazimisha maandishi yote yaliyotangulia yaonekane kwanza, na anayeusoma atumie agizo linalozuia masomo yanayofuata yasiutangulie. ARMv8 inayo maagizo hayo, STLR na LDAR. Upande mmoja ukizembea, uangalifu wa mwingine haufui dafu.

Wapo watakaosema kwamba prosesa za x86 hazigeuzi maandishi mawili, na seva nyingi ni za x86, kwa hiyo haya ni ya wenye simu. Ni kweli nusu. Chukua hali ambayo uzi wa kerneli huchungulia foleni wenyewe, na ukikosa kazi kwa muda huinua bendera ya “niamshe” na kulala. Programu huandika mkia, halafu husoma bendera. Uzi huinua bendera, halafu husoma mkia. Hata x86 huruhusu somo kulipita andiko la anwani nyingine lililo bado kwenye bafa. Hivyo programu inaweza kuona bendera iko chini, uzi ukaona mkia haujasogea, na ombi likabaki pale bila mtu wa kulishughulikia. Hapa ile tiba ya pande mbili haitoshi. Kila upande unahitaji kizuizi kamili kati ya kuandika na kusoma. Kupima programu kwa miezi hakuondoi shaka, maana mwanya wenyewe ni wa nanosekunde. Ndiyo sababu mwaka 2018 kerneli ya Linux ilipokea modeli rasmi ya kumbukumbu, ambayo kwayo zana ya herd7 huchunguza matokeo yote yanayoruhusiwa ya vipande vidogo vya msimbo.

Mwingine atauliza: kufuli si ingemaliza mjadala? Ingeumaliza kati ya nyuzi zinazoaminiana. Kerneli haiwezi kusubiri kufuli iliyoshikwa na programu ambayo huenda imesimamishwa, imekufa, au inaishikilia makusudi. Ubaya huo wa makusudi hata mpangilio sahihi hauuzuii: programu inaweza kulibadilisha ombi baada ya kusogeza mkia. Kwa hiyo kerneli huisoma kila sehemu ya ombi mara moja tu, na hukagua nakala iliyo mikononi mwake.